Nunua vya Arobaini, Fedha Nyingine Imfuate Mama

Viatu vya watoto wachanga vinauzika sana Tukuyu. Kila nikipita kwenye vibanda vya nguo vya jirani na stendi, hasa mwisho wa mwezi, nawaona vijana wawili wawili, mke tumbo limeshajitokeza ndani ya kitenge, mume kashika mfuko, wakigeuzageuza viatu vinavyoenea kiganjani. Vina kamba, vina soli ngumu, vingine vina vitaa vinavyowaka ukigonga kisigino. Mwenye kibanda anawaambia hivyo ndivyo vya kisasa, wanalipa, wanaondoka. Sweta hawakununua. Kofia ya sufi hawakununua. Na nje mvua inanyesha, kama ilivyonyesha jana na juzi.

Mtoto wao hatasimama kwa miguu yake kwa karibu mwaka mzima.

Msimamo wangu ni huu: kaya yenye kipato kidogo inayongoja mtoto wa kwanza inunue vitu vya siku arobaini za mwanzo tu. Fedha yote inayobaki iende kwenye safari ya hospitali na kwenye sahani ya mama. Viatu, kigari, kitanda cha mtoto, beseni lenye picha za bata, vyote hivyo vinaweza kusubiri. Maduka ya Tukuyu hayatafungwa siku mtoto atakapozaliwa.

Najua wapo watakaosema nawanyima watu furaha yao. Mtoto wa kwanza ni jambo kubwa, na mzazi kutaka kumpokea vizuri ni haki yake. Lakini fedha ya mchuma chai wa Katumba au muuza ndizi wa Kiwira ni ileile moja. Ikiingia kwenye viatu, imetoka kwenye nauli. Je, usiku ule uchungu utakapoanza, viatu vitakodi bodaboda?

Baridi yetu haimo kwenye orodha za mjini

Orodha nyingi za vitu vya mtoto zinazozunguka kwenye simu zimeandikwa na watu wa joto. Zinataja nguo nyepesi za mikono mifupi, poda ya jasho, hata feni. Dar es Salaam zinafaa. Huku kwetu hazifai, na mama mdogo anayezifuata neno kwa neno anajikuta na mfuko uliojaa vitu ambavyo havimsaidii mtoto usiku wa kwanza.

Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000. Mvua yetu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ni maeneo machache nchini yanayotufikia. Juni na Julai, mvua ikipungua, ukungu na baridi huchukua zamu. Mtoto anayezaliwa Julai kule Isongole, upande wa Ziwa Ngozi, na mwenzake anayezaliwa Desemba huko Kyela bondeni, hawawezi kununuliwa nguo kwa orodha moja, ingawa safari kati ya nyumba zao haimalizi nusu siku.

Kichanga hupoteza joto haraka. Mwili wake ni mdogo, mafuta chini ya ngozi ni haba, na kichwa ni kikubwa ukilinganisha na kiwiliwili, kwa hiyo kichwa kikiachwa wazi joto hutoka. Akiwa njiti, hali ni ngumu zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe hadi saa 24 zipite tangu azaliwe; akauke vizuri, avishwe kofia, awekwe kifuani kwa mama.

Hili si suala la starehe. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa na tuna haki ya kuifurahia. Lakini utafiti huohuo ulipowahesabu watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi, ulikuta 24 kwa kila 1,000, wakati utafiti uliotangulia ulikuta 25. Kina mama wengi zaidi wanarudi nyumbani salama. Kwa vichanga, tumesogea hatua moja tu. Wengi wao huondoka kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na kwa maambukizi, na baridi humwongezea mzigo mtoto ambaye tayari anapigana.

Basi fedha ya kwanza ya mtoto iwe ya joto. Kofia mbili au tatu. Soksi kadhaa. Sweta mbili za kufuma, maana moja ikilowa nyingine ivaliwe. Mashali mawili mazito na blanketi moja. Nguo za ndani za pamba zinazofungwa kwa mbele, ili usimvute mtoto shingo kila unapombadilisha. Wapo mama zetu wa makamo wanaofuma sweta na kofia kwa mikono yao na kuziuza sokoni, na kazi yao inadumu hadi mtoto wa tatu. Mitumba nayo isidharauliwe: ukishuka Mwanjelwa, Mbeya, utapata sweta za watoto nzito na nzuri kuliko nyingi za dukani. Sharti zifuliwe kwa maji ya moto, zipigwe pasi, ndipo ziguse ngozi ya mtoto.

Lakini joto bora kuliko yote halinunuliwi. Mwaka 1978, hospitalini Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi na vifaa vichache vya kuwatunzia. Akaanza kuwalaza vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo njia hiyo, tunayoiita hapa mama kangaroo, inatumika duniani kote, na hospitali zetu zinaifundisha. Mtoto anavuliwa, anaachwa na nepi, kofia na soksi, anawekwa kati ya matiti, kisha wote wawili wanafunikwa kitenge na shali. Hata baba anaweza. Kwa nyumba ya mabati iliyo wazi juu ya ukuta, sioni kifaa chochote cha dukani kinachoshinda kifua cha mzazi.

Na hapa niseme neno zito. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa mzazi aliyefunga mlango na dirisha. Najua linaingizwa, najua linaingizwa kwa upendo, na mama mkwe anayelileta anataka mjukuu wake apate joto. Mkaa unaoungua hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hupata usingizi mzito, kumbe ndio mwisho. Fedha ya mkaa huo nunueni blanketi la pili.

Nepi isiyokauka

Nikiulizwa ni kitu gani kinawatesa zaidi wazazi wapya wa wilaya yetu ya Rungwe, nitajibu bila kufikiri mara mbili: nguo zisizokauka. Mama wa Pwani akifua nepi saa 2 asubuhi, saa 5 anaanua. Wa kwetu anafua Jumatatu, Jumatano bado anazigusa na kutikisa kichwa. Aprili ndiyo usiseme. Kamba imejaa, mvua inapiga kwa ubavu, jua likichungulia kidogo mama anakimbia kuanika, na kabla hajarudi ndani limeshafichwa na wingu.

Kwa hiyo hesabu ya nepi ya huku ni tofauti. Dazeni moja inayotosha mahali pengine, hapa inakwisha kabla nepi ya kwanza haijakauka. Ziandaliwe dazeni mbili. Na zisinunuliwe zote za madukani kwenye maboksi yenye picha ya mtoto wa Kizungu. Mafundi cherehani wa barazani wanakata kitambaa laini cha pamba katika miraba, wanakunja pindo na kushona, na kwa bei ya chini kuliko boksi mnapata nepi zinazofyonza maji vizuri zaidi. Shuka la zamani la pamba linatoa nepi kadhaa. Kanga iliyochakaa ni bora kuliko mpya, kwa sababu imeshalainika.

Kisha nunueni, au azimeni, pasi ya mkaa. Nasema hili kwa uzito wote. Ukiiona ikipita juu ya nepi yenye unyevu, mvuke unapanda, kitambaa kinabadilika rangi kutoka kijivu hadi cheupe chini ya mkono wa mama, utaelewa kwa nini naiweka juu ya orodha, mbele ya beseni la bata. Inakausha kile ambacho jua limeshindwa kukausha, na joto lake linaua vijidudu. Nepi yenye unyevu ikivaliwa huleta vipele na ngozi kuchubuka, mtoto analia usiku kucha, na wazazi wanaanza kutafuta dawa ya tumbo la kunguruma wakati tatizo liko makalioni. Pasi ipigwe barazani au jikoni penye hewa, kwa sababu ileile niliyoitaja ya jiko.

Kuanika juu ya meko kumezoeleka. Kunakausha, ni kweli, lakini moshi unabaki kwenye kitambaa na kwenye kifua cha mtoto. Bora kamba ifungwe chini ya upenu, upande upepo unakotokea.

Na pampasi? Sina ugomvi nazo. Ziwepo chache kwa safari ya kutoka hospitali na kwa usiku, ili mama apate usingizi kidogo. Kuzitegemea mchana na usiku ni kujifunga mkataba wa kila wiki na duka, na kipato cha kijijini hakina wiki zinazofanana. Leo mmeuza mikungu, wiki ijayo barabara imeharibika na gari la mnunuzi halikuja.

Nani anafua? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya siku zisizopungua 3 mtoto akizaliwa. Siku hizo akizitumia kwenye karai la nepi, mke atamkumbuka. Mkulima hana likizo ya kuomba kwa mtu, kwa hiyo hana pia wa kumzuia.

Cha kuazima

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Kwa nguo ya harusi nakubali. Kwa nguo za kichanga nakataa kabisa. Mtoto huacha kuenea sweta ya kwanza ndani ya miezi miwili au mitatu, na sweta yenyewe bado mpya. Katika ukoo wowote wa hapa kuna shangazi, dada au binamu ambaye ana fuko la nguo kama hizo limefungwa juu ya kabati. Kwa nini tuone aibu kuliomba? Mtoto wenu akishakua, fuko linaendelea kwa mwingine. Nguo iliyopita kwa watoto watatu wazima wa afya ni nguo yenye baraka.

Aibu hii ni mpya, na inatoka kwenye picha. Siku hizi mama mjamzito wa mjini Tukuyu, mwalimu au muuguzi, huandaliwa sherehe ya kumwagia zawadi. Sipingi. Ni umoja wa wanawake, na michango yetu ya harusi imetufundisha kwamba tukitaka tunaweza. Ninachoomba ni kamati ibadili orodha. Badala ya kila mtu kuleta gauni dogo la kupigia picha, mmoja achukue nepi dazeni moja, mwingine mashali, mwingine beseni na ndoo yenye mfuniko, mwingine chupa ya chai ya kutunzia maji ya moto usiku. Na kiasi kilichobaki kiingizwe kwenye simu ya mama mwenyewe.

Upande wa pili wapo bibi zetu wanaokataza kununua chochote kabla mtoto hajalia. Wanasema unamwita mkosi. Hofu yao ina chimbuko, wamezika. Mwanamke aliyekunja nguo za mtoto ambaye hakuja nyumbani hahitaji somo kutoka kwangu. Hata hivyo, leo mama anajifungulia kituoni, na mtoto akitoka anahitaji kufunikwa dakika hiyohiyo, si baada ya baba kukimbia sokoni. Kwa bibi anayehofia, pendekezo la vya arobaini ni la katikati: vitu vichache, vilivyofuliwa, vilivyofungwa kwenye begi moja na kuwekwa pembeni kuanzia mwezi wa saba wa mimba. Hakuna kitanda kilichotandikwa kinachomngoja mtu. Mabibi wengi nikiwaeleza hivyo huridhia, na baadhi yao ndio hutoa kanga ya kwanza.

Sahani ya mama

Kama kuna kosa la bajeti linaloniumiza kuliko viatu, ni hili: begi la mtoto limejaa, na mama amejifungua hana hata maziwa ya kuwekea uji. Kichanga hana chakula kingine zaidi ya mama yake. Kumlisha mama ndiko kumlisha mtoto.

Na Rungwe haina udhuru. Tuna ndizi, tuna viazi, maharage, parachichi, maziwa ya ng'ombe yanayokamuliwa mlango wa pili. Kinachokosekana ni mpango. Ulezi na karanga za uji wa mwezi mzima ziwekwe kabla. Kuku wawili watatu wahesabiwe kuwa ni wa mzazi, wasiuzwe hata karo ikibana. Makubaliano yafanywe na jirani mwenye ng'ombe kuhusu lita ya kila siku. Vidonge vya kuongeza damu, FEFO, anavyopewa kliniki vinywewe, visikae dirishani.

Chupa ya kunyonyea isiwemo kwenye orodha. Wilaya yenye maziwa mengi ina kishawishi kikubwa: mtoto analia, mtu anasema maziwa ya mama hayatoshi, ya ng'ombe yanachanganywa na maji. Miezi 6 ya mwanzo mtoto anyonye tu, bila maji wala uji, na aanze ndani ya saa ya kwanza. Serikali ilishaona hatari kiasi cha kuweka kanuni mwaka 2013 za kudhibiti utangazaji wa maziwa mbadala. Kwa mkoa wetu wa Mbeya, ambako VVU bado viko juu, niongeze kwamba mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa zake vizuri naye hushauriwa kunyonyesha. Asiogopeshwe na maneno ya mtaani. Amsikilize mtoa huduma wake.

Kisha safari. Wekeni shilingi 3,000 kila wiki kuanzia mimba ikifika nusu. Wiki 20 ni 60,000. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha hiyo isitoke kwa sababu yoyote isipokuwa nauli ya usiku, dawa, na chakula cha anayemsindikiza mama. Kama mnakaa mbali na lami, mimba ya kwanza ikifika wiki ya mwisho mama ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, maana njia zetu za udongo mvua ikinyesha hata pikipiki hukwama. Wapatikane watu wawili walio tayari kuchangia damu. Na kwenye simu zote za nyumbani iandikwe 115. Hiyo ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kupiga ni bure. Gari la wagonjwa lisipopatikana, hutafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia haimlipi. Namkuta mume anajua bei ya kigari cha mtoto, hajui namba hii. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema. Mimi naongeza, usijifungue bila kujua wa kumpigia.

Orodha moja, ibandikwe

Mpaka hapa nimewasema wazazi. Sasa niiseme serikali, kwa sababu sehemu ya begi hili haikupaswa kuwa juu ya mzazi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito na watoto chini ya miaka 5 ni bila malipo. Hata hivyo katika vituo vingi nchini mama bado huambiwa aje na glavu, pamba, mpira wa kutandika, wembe, kibanio cha kitovu na pedi. Orodha husemwa kwa mdomo, na hutofautiana kati ya kituo na kituo. Mwingine huisikia mwezi wa nne wa mimba, mwingine akiwa tayari na uchungu. Mwenye fedha hununua. Asiye nayo huchelewa kutoka nyumbani kwa kuona aibu ya kwenda mikono mitupu, na kuchelewa huko ndiko kunakoua.

Ufini, nchi ya baridi kali kuliko yetu, ilianza mwaka 1938 kuwapa kina mama wa kipato cha chini boksi la vitu vya mtoto, na tangu 1949 likawa la kila mama, kwa sharti la kufika kliniki mapema. Lilianza wakati Ufini yenyewe ilikuwa maskini. Ndani walitia nguo za joto na vitambaa, na boksi lenyewe likawa kitanda cha mtoto. Sisi tayari tunajua kutoa kitu kliniki: Hati Punguzo ya vyandarua ilianza 2004, na hadi leo mjamzito hupewa chandarua hudhurio la kwanza. Mkoa wa Mbeya uliongoza mwaka 2013 usajili wa watoto chini ya miaka 5, na leo cheti cha kuzaliwa hutolewa bure hapohapo kituoni au ofisi ya kata. Kama tuliweza cheti, tunashindwaje glavu na kibanio?

Naiomba Halmashauri ya Rungwe, na wenzao wa Busokelo, waanze na jambo lisilo na gharama. Waandike karatasi moja, kwa Kiswahili, inayosema mama alete nini na kituo kitatoa nini. Wasisahau kofia na sweta. Waibandike kwenye mlango wa kila zahanati, wampe kila mjamzito nakala yake pamoja na kadi ya kliniki hudhurio la kwanza, na mume akija naye asomewe. Kisha kwenye bajeti ijayo madiwani wapunguze mistari ya upande wa mama, mmoja baada ya mwingine, waanze na kibanio cha kitovu.